Chizuru Nagahama Okelo, Mchoraji wa Nyuso za Ijumaa

Familia ya Mzee Jackton Okelo Odera wa kijiji cha Kobila, Karachuonyo, Kaunti ya Homa Bay, inawakaribisha nyote mliofika leo, Jumamosi tarehe 23 Novemba 2019, kumsindikiza mke, mama, nyanya na mwalimu. Haya yameandikwa na bintiye Emmah, kutokana na yale aliyoyasikia kwa marehemu mwenyewe, kwa babake, na kwa watu walioishi naye Riyadh na Jeddah, ambao wengi wao wako hapa leo.

Marehemu Chizuru alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 katika mji wa Kanazawa, Japani, upande wa nchi unaopata theluji nyingi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Eiji Nagahama na Bi. Fumi. Babake alikuwa mchoraji wa maua kwenye hariri, ile inayoshonwa kimono, vazi la heshima la Wajapani. Kazi hiyo hufanywa kwa uji mzito wa mchele unaokamuliwa kwenye kitambaa kama mstari mwembamba, ili rangi ya ua moja isiingie kwenye ua la jirani. Chizuru alikua akinusa uji huo kila asubuhi.

Alipokuwa na miaka saba, babake alitoka nje kuzungumza na mteja, naye akachukua brashi akachora chura kwenye pembe ya kitambaa cha bibi arusi. Mzee Eiji alirudi, akainama juu ya kitambaa. Alimtazama yule chura kwa muda mrefu. Kisha akaketi, akachora jani pana chini yake, akasema, "Umemwacha akielea. Kila kiumbe kipewe mahali pa kukaa." Bibi arusi yule aliolewa akiwa amemvaa chura wake, na inasemekana alimpenda kuliko maua yote.

Marehemu alisoma shule za msingi na sekondari hapo hapo Kanazawa, kisha akajiunga na chuo cha sanaa cha mji huo na kuhitimu mwaka 1983. Alifanya kazi na babake mpaka mzee huyo alipofariki. Kwa kuwa wasichana wa siku hizo hawakuagiza tena kimono za kuchorwa kwa mkono, alihamia Osaka, akawa mchoraji wa kuta za hoteli na mikahawa. Kutoka kitambaa cha upana wa mkono akaingia kwenye kuta ambazo ilibidi apande ngazi. Alisema mwili wake ulikuwa umesubiri ukubwa huo bila yeye kujua. Mwaka 2006 alirudi Kanazawa kumuuguza mamake, akakaa naye mpaka alipomzika, mwanzoni mwa 2010.

Mhandisi mmoja aliyemfahamu Osaka ndiye aliyemwambia kwamba kampuni ya mapambo ya majumba huko Riyadh inatafuta wachoraji, na hasa mwanamke, kwa sababu wanaume hawaruhusiwi kuingia sebule za wanawake. Kaka yake, Bwana Takeo, ambaye leo ameketi pamoja nasi, alimuuliza, "Una karibu miaka hamsini. Unaenda kutafuta nini jangwani?"

"Kuta," akajibu. "Wana kuta kubwa sana."

Alitua Riyadh Februari 2011. Kampuni ilimpa chumba mtaa wa Malaz, katika fleti moja na Wafilipino wawili waliokuwa wakishona mapazia. Miezi hiyo hiyo Wakenya walikuwa wakimiminika Saudia kupitia kwa mawakala wa Nairobi, wanawake kwa kazi za nyumbani, wanaume kwa udereva na ulinzi. Mmoja wao alikuwa Jackton Okelo. Alikuwa amefiwa na mkewe Peris mwaka 2008, akaachiwa watoto wawili, Dalmas na Emmah. Aliwaacha kwa mamake, Mama Serah, akaenda kutafuta karo. Kampuni ya mapambo ikamwajiri dereva.

Wakati huo mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari Saudia, kwa hiyo kila asubuhi Jackton alimchukua Chizuru Malaz na kumpeleka kwenye jumba la siku hiyo, yeye mbele, Chizuru nyuma na makopo ya rangi. Ndani ya gari hilo ndimo alimojifunza Kiswahili. Alikuwa akinyoosha kidole dirishani na kuuliza, "Hii nini?"

"Taa."

"Hii?"

"Msongamano wa magari."

"Hii?"

"Hiyo ni polisi, madam. Shusha kidole."

Ijumaa alipenda kwenda Batha, kwenye soko la kila taifa, ambako Jackton alituma pesa nyumbani naye akasimama pembeni akitazama watu. Kiswahili chake kilichanganyika na Kiarabu cha kazini, kwa hiyo hakuwahi kusema "hakuna shida" kama sisi. Alisema "mafi shida", na watoto wa Kobila wote wanasema hivyo sasa.

Alichora sebule na kumbi nyingi Riyadh, na jina lake likatembea kati ya matajiri. Lakini kazi ambayo familia hii inataka ikumbukwe kuliko zote ni dari ya jumba moja upande wa kaskazini mwa mji, mwezi wa Oktoba 2013.

Mwenye nyumba alikuwa akimwoza binti yake, na mkewe, madam wa nyumba, alitaka dari ya sebule ya wanawake ijae matawi ya mkomamanga na ndege. Katika nyumba hiyo alikuwako Metrine Naliaka, msichana wa kazi kutoka Kimilili. Madam hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kufunga: mlango, friji, simu. Simu ya Metrine ilifungiwa siku aliyofika, na zaidi ya mwaka ulikuwa umepita bila yeye kuongea na mtu wa kwao. Alipomletea Chizuru chai akamsikia akimshukuru kwa Kiswahili, nusura aangushe sinia.

Siku chache baadaye Metrine alimwambia, "Mama, kwetu watakuwa wanafikiri nimekufa."

Simu zote ziliachwa kwa mlinzi getini, kwa hiyo Chizuru hakuweza kumpiga picha wala kumpa aongee. Akafanya alilojua. Alimchora kwa penseli jikoni, uso wote, mpaka alama ndogo juu ya nyusi, akatoka na karatasi hiyo kati ya karatasi zake za ndege. Jackton akaipiga picha na kuituma kwa dereva mwenzake Laban, mtu wa Kimilili, ambaye ndugu zake waliifikisha kwa mama mzazi pamoja na maelezo kwamba Metrine ni mzima na yuko kazini.

Jibu lilikuja Ijumaa, wakiwa Batha. Ilikuwa sauti ya yule mama, imerekodiwa. Jackton aliifungua, wakaisikiliza pamoja garini.

"Nimeiona picha. Mungu awabariki. Sasa niambieni mlipomzika. Mtu mzima hupigwa picha. Huyu mmemchora kwa sababu hayupo. Wakala amenidanganya vya kutosha, ninyi msinidanganye."

Jackton alijaribu kumpigia amweleze. Mama alikuwa akilia tu, na watu walikuwa wameanza kukusanyika kwake. Jackton akamrudisha Chizuru Malaz. Aliposhuka aliinama dirishani.

"Nimemwua yule mtoto kwa penseli," alisema. "Kesho nitamfufua. Ukiulizwa, sema hujui kitu."

"Mimi ndiye niliyetuma hiyo picha," Jackton akamjibu. "Nitasemaje sijui?"

Asubuhi iliyofuata Chizuru alipanda jukwaa la mabomba kama kawaida, akafika juu, akaketi. Hakufungua kopo hata moja. Metrine, aliyekuwa akipangusa meza chini, ndiye shahidi wa yaliyofuata, na yuko hapa leo.

Madam aliingia akatazama juu. "Yalla, Madam Japan. Kazi."

"Mafi kazi," Chizuru akasema.

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Metrine aongee na mama yake. Halafu kazi."

Madam alicheka kwanza. Halafu alikasirika, akampigia bosi wa kampuni. Bosi alikuja mbio, na kwa kuwa haikuwa halali aingie sebule ile, alisimama nje ya mlango akipaza sauti. Alimwambia atamfukuza nchini. Alimwambia ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, iko mkononi mwake, na dereva wake atarudishwa kwao naye.

Chizuru alijibu kutoka juu, bila kupandisha sauti. "Sawa. Nifukuze. Lakini ndege hawa hawana miguu bado, na harusi imekaribia. Nani atawapa miguu?"

Metrine anasema aliacha kitambaa mezani, akasogea chini ya jukwaa. Alimsihi kwa Kiswahili, "Mama, shuka. Tafadhali. Watakuumiza kwa sababu yangu."

"Wewe nyamaza," Chizuru akamwambia. "Fikiria utamwambia nini mama."

Katika nyumba hiyo alikuwako bibi mkuu, mama mzazi wa mwenye nyumba, mkongwe wa kiti cha magurudumu. Kila siku aliletwa sebuleni kutazama ndege wakizaliwa darini. Siku hiyo alifika akakuta kelele, akauliza kuna nini. Hakuna aliyetaka kumjibu. Akamuuliza Metrine mwenyewe.

"Mama yangu anafikiri nimekufa," Metrine akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Ameanza kuomboleza."

Bibi alimgeukia mkaza mwanawe. "Kuna mama anayeomboleza mtoto aliye nyumbani kwangu, anayenivalisha viatu kila siku?" Madam alianza kueleza. Bibi akainua mkono. "Halas, imetosha. Leteni simu."

Ikaletwa. Jackton alikuwa ameiandika namba kwenye kiganja cha Chizuru asubuhi hiyo, naye akaisoma kutoka juu ya jukwaa. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Mayi, ni mimi. Ni Metrine."

Upande wa pili sauti kavu ikajibu: "Kama ni wewe, niambie ng'ombe aliyekuvunja mkono aliitwa nani."

"Mayi, hakunivunja mkono. Alinivunja jino. Na hakuwa wetu, alikuwa wa jirani."

Mlio uliotoka kwenye ile simu ulisikika mpaka nje kwa bosi. Bibi mkuu hakujua neno hata moja la Kibukusu, lakini alifuta macho kwa pembe ya shela yake. Chizuru alifungua kopo la rangi nyekundu, akalala chali, akaendelea na makomamanga. Dari ilikamilika kabla ya harusi, ndege wote na miguu yao. Baada ya harusi Metrine alirudishiwa simu na pasipoti, na mwaka uliofuata alirudi kwao Kimilili kwa miguu yake.

Bosi hakumfukuza Chizuru, kwa maana wateja walimtaka. Alimhamishia tawi la Jeddah, yeye na dereva wake, kama adhabu. Chizuru alisema ni adhabu ya kwanza aliyowahi kupewa yenye bahari.

Huko Jeddah ndiko alikofanya kazi iliyompa jina. Mchana alichora kumbi za harusi. Ijumaa alikaa chumba cha juu nyuma ya mkahawa mmoja wa mtaa wa Sharafiya, palipokuwa na ugali na sukuma wiki, na wanawake Wakenya waliokuwa na siku ya mapumziko walipanda ngazi kuchorwa. Wengine walitoka mtaa wa Kandara, huko huko Jeddah, wengine walishushwa na madereva wa waajiri wao. Walivua abaya wakaketi na nguo walizokuja nazo kutoka nyumbani, na vilemba vyao, na vicheko vyao. Tangu mkosi wa Metrine, Chizuru alikuwa na sharti moja. Kila aliyechorwa aliandika chini ya picha, kwa mkono wake mwenyewe, neno la kumwambia mtu wake, ili akiona mwandiko ajue mwenyewe yu hai. Wakati huo wengi walikuwa na simu tayari, lakini bado walikuja. Sellah, aliyekuwa akipika kwenye mkahawa huo, anasema walikuja kwa sababu wiki nzima waliitwa tu, na Ijumaa kuna mtu aliwatazama.

Machi 2015 mwanamke mmoja wa Jeddah, mpenzi wa sanaa, aliyaona hayo, akatoa ukumbi wake. Picha ziliwekwa ukutani kwa jina Nyuso za Ijumaa. Waliokuja kuzitazama walikuwa mabibi wa mji, waajiri. Mmoja wao alifika mbele ya picha ya Rispah, msichana wa Nyamira, akasimama hapo mpaka wenzake wakamwacha.

"Huyu anafanya kazi kwangu," akamwambia Chizuru. "Mwaka wa tatu sasa. Sikujua ana vishimo mashavuni."

"Vinaonekana akicheka," Chizuru akasema.

Yule bibi aliiomba picha kwa bei yoyote. Chizuru akamwambia hawezi kuuza kitu kisicho chake, amuulize Rispah. Na kweli, alirudi nyumbani akamuuliza. Rispah akamjibu, "Hapana, madam. Hiyo inaenda kwa mama." Iko Nyamira hadi leo, sebuleni, juu ya televisheni. Magazeti mawili ya Jeddah yaliandika habari za onyesho hilo, na mwaka huo huo jumba la makumbusho la mji wake wa Kanazawa lilinunua michoro kadhaa, kwa ridhaa ya wenye nyuso. Marehemu hakuwa mtu wa kujisifu. Familia inajisifu kwa niaba yake.

Mkataba wao ulikwisha Agosti 2016. Kwa miaka yote hiyo Jackton alikuwa akimwita madam, naye akimwita Bwana Okelo, na sheria za kule hazikuruhusu zaidi. Siku ya mwisho, njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Jeddah, Jackton alisema, macho yakiwa barabarani, "Kwetu kuna nyumba ina kuta nne tupu."

"Kubwa?" Chizuru akauliza.

"Ndogo."

"Mafi shida."

Alipofika Kisumu mwezi Novemba, Jackton alimfungulia mlango wa nyuma wa gari kwa mazoea. Chizuru aliufunga, akazunguka, akaketi mbele. "Halas nyuma," alisema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 2016 katika kanisa la hapa Kobila, baada ya yeye kubatizwa, akikataa jina jipya kwa kuwa la kwanza alipewa na babake. Bwana Takeo alikuja kupokea mahari. Alipokabidhiwa ng'ombe aliuliza kwa upole atapitaje nao uwanja wa ndege. Akamwachia Dalmas awachunge, nao wanaitwa ng'ombe wa Japani, na wamezaa. Mama Serah, ambaye ulimi wake haukubali herufi "z", alimwita Chisuru. Kijiji kilimwita Nyar Japan, binti wa Japani.

Hapa Kobila aliwafundisha wanawake waliorudi kutoka Uarabuni kuchora vitambaa kwa njia ya babake, ila badala ya mchele walitumia uji wa muhogo, ambao alikiri unashika mstari vizuri zaidi. Leso na mapazia yao yanauzwa Kisumu na Nairobi. Emmah alipotaka kuacha chuo cha ualimu, mama huyu hakumgombeza. Alimpeleka kwenye ukuta wa kanisa, akampa brashi, akamwambia apake kona moja tu mpaka iishe. Ilichukua siku nzima. Jioni Emmah alirudi chuoni, na leo ni mwalimu.

Mwishoni mwa 2018 alianza kukohoa. Madaktari wa Kisumu waligundua saratani ya mapafu. Alitibiwa kwa uvumilivu, akifanya kazi siku alizoweza. Bwana Takeo alimpigia simu akamsihi arudi Japani kutibiwa na kupumzika huko. Alimjibu, "Kaka, mimi nimeshafika." Miezi ya mwisho Metrine aliacha duka lake Kimilili akaja kumuuguza, kumlisha uji na kumkanda miguu. Aliaga dunia nyumbani, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, saa sita mchana, Jackton akiwa amemshika mkono wa kulia, ule wa brashi.

Kulikuwa na mazungumzo juma hili kuhusu mahali pa kumzika. Wazee wengine wa ukoo, kwa nia njema, waliuliza kama mgeni aweza kuzikwa ndani ya boma, na kama si afadhali pembeni, karibu na ua. Mama Serah, mwenye miaka themanini na minane, aliwasikiliza wote wakamaliza.

"Nimewasikia mkiuliza mgeni azikwe wapi," akasema. "Mgeni yupi? Mimi nimefiwa na Chisuru, mke wa mwanangu."

Wazee wakainuka kwenda kuchagua mahali ndani ya boma.

Marehemu ameacha mume, Mzee Jackton Okelo Odera. Mama mkwe, Mama Serah Odera. Watoto, Dalmas na mkewe Maureen, na Emmah. Wajukuu Peris na Eiji. Kaka, Bwana Takeo Nagahama wa Kanazawa, ambaye atawasha ubani kaburini kwa desturi ya kwao, na wazee wa kanisa wameridhia. Metrine Naliaka, aliyemwita mama. Na wanawake wa Riyadh na Jeddah ambao nyuso zao ziko ukutani katika nyumba nyingi za Kenya.

Kaburi limechimbwa upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke wa boma, kando ya mke aliyemtangulia, Peris. Jackton amelipima mwenyewe. Mungu aliyemtoa mbali hivyo ampokee, na mama yetu alale kwa amani nyumbani kwake.